Pikipiki Inagoma Kuwaka Ikiwa ya Moto: Nimejaribu Vifaa Vitatu vya Kupimia

Habari zenu wadau, karibuni sana. Leo sina pikipiki mpya ya kuwaonyesha. Hapa mezani nina fila geji, yaani ndimi nyembamba za chuma za kupimia nafasi ndogo, malti mita ya kupimia umeme, na hiki kipima cheche chenye kitaa. Vyote nimevinunua Gerezani, Kariakoo, kwa hela yangu, kwa sababu ya hii pikipiki hapa nyuma yangu, cc 125, iliyonisumbua karibu miezi miwili.

Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Nikitoka nayo Mbezi mpaka Kariakoo, jua kali, foleni, nikaizima ninunue kitu, nikirudi baada ya dakika tano haitaki. Unapiga kiki mpaka shati linalowa. Ukiiacha kivulini nusu saa, inawaka yenyewe. Na ukiikokota mpaka kwa fundi, inafika imeshapoa. Anapiga kiki, inawaka, anakutazama kama umemdanganya. Nilibadilishiwa kabureta nzima, nikalipa, na kesho yake ikagoma palepale sokoni. Iliniuma sana, maana ile ni hela ya chakula cha nyumbani.

Kwa hiyo jambo la kwanza: ugonjwa wa moto unapimwa pikipiki ikiwa ya moto, dakika ileile inapogoma. Ikishapoa, hakuna wa kukuonyesha chochote.

Nianze na hiki cha kitaa. Unakichomeka kati ya kofia ya plagi na plagi yenyewe, unapiga kiki, kitaa kinamulika. Ni rahisi, na hakichafui mikono. Lakini mimi kimenipa shida, na nawaambia ukweli: kinakuonyesha kwamba cheche ipo, hakikuonyeshi kama ina nguvu. Cheche dhaifu nayo inawasha kitaa. Ukiwa na hela ya kimoja tu, tafuta kile cha uwazi, ambacho cheche inaruka hewani na unaweza kurekebisha nafasi yake. Cheche yenye afya inaruka milimita sita bila shida, ya buluu, na unaisikia ikipiga. Ila kifunge vizuri kwenye chuma cha injini, na kikae mbali na petroli. Hapo msifanye mzaha.

Koili, ile inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi, ndiyo inayoshukiwa kwanza na wengi, na wana sababu. Waya wake wa ndani ukianza kuchoka, joto likipanda unapoteza umeme, ukipoa unarudi. Kuna namna ya kuikamata bila kifaa chochote: pikipiki ikigoma, zima swichi, weka kitambaa chenye maji baridi juu ya koili peke yake, subiri dakika mbili tatu, toa kitambaa, piga kiki. Ikiwaka huku injini bado ya moto, umeshampata mwizi. Yangu haikuwaka.

Malti mita nimeipenda kwa mambo mengine, kupima betri, kuangalia waya uliokatika. Kwa koili inasaidia nusu. Upande mdogo wa koili upinzani wake ni kidogo mno, mara nyingi chini ya omu moja, na mita ya bei rahisi yenyewe ina makosa ya kiasi hicho kwenye nyaya zake. Upande mkubwa, unaopeleka plagi, ni maelfu ya omu, huo inausoma vizuri. Upime wa baridi, uandike, kisha uupime wa moto. Ukikuta wa moto namba imeruka sana, au mita haisomi kabisa, badilisha koili.

Petroli nilimalizana nayo haraka. Ikigoma, fungua kifuniko cha tanki: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Kisha zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, bila choki, piga kiki. Ikiwaka hivyo, ilikuwa imelewa petroli, angalia sindano ya boya. Ikiwaka kwa choki huku ni ya moto, inakosa petroli au inavuta hewa pembeni, kagua mpira wa kabureta kama umepasuka. Kwangu hakuna kilichobadilika.

Kilichonishtua ni mguu wangu. Ikiwa ya baridi kiki nzito, ikiwa ya moto kiki nyepesi, inateleza tu. Hiyo ni kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inakimbia. Ndipo nikachukua hii fila geji, ya shilingi elfu nane.

Hii inatumika injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha. Unafungua kava la tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, unazungusha magneti mpaka alama ya T, pistoni ikiwa juu kabisa, unahakikisha roka zote mbili, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zinacheza. Zisipocheza, zungusha mzunguko mmoja tena. Injini kama hii yangu, ya mtindo wa Honda CG, inataka nafasi ya 0.08 ya milimita kati ya tapeti na valvu, kila upande. Nyingine zina namba zao, soma kitabu chake. Valvu ya kuingizia, ulimi wa 0.08 ukapita kwa kukwaruza kidogo, sawasawa. Ya kutolea moshi, hata wa 0.05 ulikataa.

Valvu ile inapokea moto mkali kuliko zote. Mti wake ukipata joto unarefuka, na kama hakuna nafasi, valvu haifungi. Kompresheni inapita, pikipiki inagoma. Ikipoa, mti unarudi, inawaka. Na nafasi hiyo inapungua yenyewe, kwa sababu valvu inajichimbia kwenye kiti chake kidogo kidogo, bila kelele yoyote. Sisi tumezoea kusikia tapeti inagonga tunakimbilia kubana mpaka inyamaze. Jamani, tapeti iliyobanwa ndiyo inayounguza valvu. Ile ya kusikika kidogo haina neno.

Vijana wa kijiweni huwa wanamwagia injini maji ili iwake. Inawaka kweli, maana valvu imepoa. Naomba muache, hedi, kichwa cha injini, ikiwa ya moto ikapata maji baridi inaweza kupinda au kupasuka.

Mkinunua fila geji, fungueni dukani mhakikishe ina 0.05 na 0.08. Kuna seti zinaruka kutoka 0.05 mpaka 0.10, hizo hazitakufaa kwa injini kama hii.

Tapeti ya kutolea moshi nimeilegeza jana asubuhi. Leo nimetoka na pikipiki Kibaha saa saba mchana, sasa hivi nimeizima, shikeni hapa jamani, hamuwezi hata kugusa hedi. Nasubiri dakika tano, kamera haizimwi.

Haya, swichi, bila choki. Kiki moja.

Mmesikia?