Taksi za Bombo–Kampala: nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya konda mmoja tu

Watu wangu, kila siku mnasifia hoteli za Kololo na saluni za Ntinda, ila hizi taksi zinazotubeba asubuhi na jioni hakuna anayezisemea. Basi leo acha niseme mimi kuhusu hizi za Bombo kwenda Kampala maana nimezipanda miaka minane sasa, mara tatu nne kwa wiki, sanduku la vifaa magotini. Mimi ni fundi wa cherehani, nakaa Bombo, wateja wangu wametawanyika barabara yote hii, Migadde, Kigoogwa, Matugga, Buwambo kule ndani, mpaka Kawempe, kwa hiyo napanda nashuka, napanda tena nashuka, na ndio maana nadhani nazijua kuliko yule anayelala kuanzia steji mpaka kituo kikuu cha taksi mjini.

Huduma yenyewe kwanza. Ni Hiace za kawaida za abiria 14, nyeupe na ule mkanda wa drafti za bluu. Mwendo ni kama kilomita 35. Ukitoka saa kumi na moja alfajiri unafika mjini kwa muda usiofika hata saa nzima, ukichelewa mpaka saa moja asubuhi basi chukua chai na uvumilivu, saa mbili zitaishia kati ya Kawempe na Bwaise. Nauli mimi huwa nalipa 5,000, ikinyesha inakuwa 7,000, wiki ya shule kufunguliwa ni vile konda alivyoamka. Risiti hakuna. Chenji ya mia tano usiiote.

Gari haliondoki mpaka lijae, na hapo ndipo utamu wa hii safari ulipo kwangu, kwa sababu ukikaa ndani ukiangalia linajaa wapi na linapungua wapi, unaanza kuelewa watu wamekaa vipi huku nje ya mji. Makaratasi ya serikali hayakwambii hivyo.

Bombo linajaa kwa Kiswahili. Jeshi liko pale, makao makuu ya jeshi la nchi kavu, na Wanubi tuko pale tangu enzi za Mwingereza, babu zetu ni wale askari wa Kisudani ambao Lugard, yule afisa wa Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891, wakaendelea kwenye KAR, jeshi la mkoloni, wakazalia hapa, na katiba ya 1995 ikatuandika kwenye orodha ya makabila ya Uganda. Kwa hiyo alfajiri kwenye steji utasikia Kiswahili na Kinubi vimechanganyika, mama mmoja anapeleka tabaga zake, zile sinia za kusuka za rangi, mjini kwa mteja wa harusi, askari kijana ametoka zamu macho mekundu, mzee anatukana redio. Amin alipoangushwa 1979 watu wengi wa kwetu walikimbia nchi, nyumba zikabaki na paka tu, halafu wakaja kurudi polepole. Wazee wakipanda bado wanaonyesha kwa kidole, pale palikuwa kwa fulani, pale palikuwa duka.

Dakika chache baada ya Bombo unatoka wilaya ya Luweero unaingia Wakiso, na hutajua, hakuna kinachobadilika dirishani, migomba ile ile, vumbi lile lile jekundu. Kinachobadilika ni lugha ndani ya gari. Migadde wanapanda wawili watatu wanaongea Kiganda, Kigoogwa wanaongezeka, na konda aliyekuwa anasema "songa kidogo afande" sasa anasema "ssebo, sembera katono". Ukifunga macho unaweza kujua umefika wapi.

Sasa hapo Migadde kuna kitu nilikiona mwaka jana lazima niwape. Alipanda mama mmoja na bahasha ya kaki, kaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akamuuliza konda, "Mwanangu, Nansana nashukia wapi?" Konda akacheka, "Nyabo, hii haiendi Nansana, Nansana ni barabara ya Hoima, wewe panda nitakushusha Bwaise utafute nyingine." Mama akashangaa, "Lakini kwenye karatasi wameandika hapa kwetu ndio Nansana." Gari zima kimya, halafu mzee wa nyuma akasema, "Na kweli mama, hapa ni Nansana. Ila Nansana yenyewe iko kule." Tulicheka mpaka dereva akapunguza mwendo.

Na hakukosea yule mzee. Manispaa ya Nansana ina divisheni nne, Nansana, Nabweru, Gombe na Busukuma, na hizo mbili za mwisho ni vijiji, vijiji kabisa, kahawa, muhogo, ng'ombe wawili wamefungwa chini ya mfenesi. Matugga, Migadde, Buwambo, vyote viko Gombe. Sensa ya 2014 ilihesabu zaidi ya watu 365,000 ndani ya mipaka ya manispaa hiyo, na kwa kuwa ni manispaa wote wanaandikwa watu wa mjini, hata mteja wangu wa Mwererwe ambaye ili nimfikie navuka kinamasi cha mafunjo na pikipiki, na umeme wake ni wa sola ya taa mbili. Mtu wa mjini huyo! Nikimtania anasema basi waniletee jamu ya magari nami niione.

Ndio maana watu wa Kampala wakisema mji mji mimi nauliza mji upi. Kampala yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 189 tu, na Wakiso imeizunguka kama kisosi chini ya kikombe. Sensa ya juzi, ule usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei 2024, siku ile tulipewa mapumziko, Kampala ilipata karibu watu milioni 1.8 na Wakiso zaidi ya milioni 3.4. Miaka kumi nyuma Wakiso ilikuwa karibu milioni 2 na Kampala milioni 1.5. Yaani kikombe kimeongezeka kijiko na kisosi kimefurika. Na usishangae, sensa inakuandika pale ulipolala, na watu wanalala Wakiso wanafanya kazi Kampala, sasa hao wote kila asubuhi nani anawavusha? Hizi Hiace. Asubuhi zinaenda zimebana zinarudi na watu watatu, jioni kinyume chake, halafu mnashangaa kwa nini konda ana hasira saa nne asubuhi.

Sasa nifike kwenye lawama, maana hii sio barua ya mapenzi.

Matugga. Hapo ndipo mji unapokatika, kwa akili ya konda lakini. Kutoka mjini mpaka Matugga watu wapo kila hatua, Maganjo, Kagoma, Kawanda, Lwadda, maduka yameshikana ukuta kwa ukuta. Baada ya Matugga wanapungua, na siku nyingine dereva akiona amebaki na watu wanne wa Bombo anasimama, anazima injini, "tunaishia hapa." Ulilipa mpaka Bombo, sio shida yake. Mimi limenikuta mara nyingi, ila baya kuliko yote ilikuwa mwezi wa kumi na moja, saa mbili usiku, mvua, nina kichwa cha cherehani cha chuma kwenye gunia, uzito wake anayeujua anaujua, na konda wa siku hiyo akanishusha akanirudishia elfu moja, elfu moja tu, wakati kutoka hapo mpaka kwetu wanadai elfu tatu. Nikabishana nikachoka. Gari likageuka likarudi mjini kubeba wengine huku mimi nimesimama chini ya kibanda cha rolex, zile chapati za kuviringisha na mayai, nanukia kitunguu. Mwenye rolex akanipa kiti, akasema hao wanafanya hivi kila siku, wewe sio wa kwanza leo, kulikuwa na mwalimu hapo amekaa.

Na ukitaka kwenda ndani ndio usiseme. Hizi taksi ni za lami tu. Buwambo kuna hospitali ndogo ya ngazi ya nne ya serikali ambayo watu wa vijiji vingi wanaitegemea, na bado mgonjwa akishushwa barabara kuu inabidi atafute boda. Kiangazi boda ni bei ya kuelewana, mvua ikija wanaongeza, na sio wizi kabisa, nimeiona ile njia. Hii nchi yetu ya Buganda ni kilima, bonde la kinamasi, kilima, bonde la kinamasi, watu wamekaa juu na maji yamekaa chini, kwa hiyo kijiji unachokiona ng'ambo kwa macho kabisa, mpaka nguo zilizoanikwa, unaweza kukizunguka nusu saa.

Kuna fundi mmoja mama huko ndani anashona yunifomu za shule, ana cherehani ya Butterfly ya miguu ya zamani, kila Januari inamgomea. Mara ya mwisho nikiwa nafungua shato, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alikuja kushonesha suruali, ana daftari lake la wakazi, la mistari, limeviringishwa na mpira. Nikamuuliza mko wangapi siku hizi. Akalifungua akanionyesha kurasa za mwanzo, majina, baba, mama, watoto, ukoo, kila kitu kwa mwandiko mzuri, halafu kurasa za nyuma jina moja moja na namba ya simu, zingine hata jina hakuna, ameandika "geti la kijani", "mwenye Harrier", "nyumba ya juu haijaisha". Akasema hawa wamenunua ploti, fifti bai handredi, yaani futi hamsini kwa mia, wanatoka alfajiri wanarudi usiku, mwaka mzima sijaona uso wa mtu. Msiba ukitokea wanatuma hela kwa simu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua geti la kijani anafanya kazi gani, kwa vile mimi napanda naye taksi. Na kweli nilikuwa namjua! Ni yule kaka anayekaa dirishani kushoto, anauza vipuri mjini. Anapandia steji ile kila siku na mwenyekiti wake hamjui.

Yale mabango ya ploti yameanza Kawanda yakapita Matugga sasa yako Kigoogwa. Nawapa miaka michache yawe Bombo. Siku hiyo labda hawa makonda hawatatushusha njiani tena maana kutakuwa na watu wa kujaza, lakini mihogo sijui tutaitoa wapi.

Huku mbele sina mengi. Kawanda kuna kituo cha utafiti wa kilimo, ukikaa karibu na mlango utakanyagwa na watu wenye miche ya migomba kwenye mifuko. Bwaise ikinyesha panda na viatu mkononi. Nilikuwa nadhani maji yale yanashindwa kufika ziwani, kumbe hayaelekei ziwani kabisa, yanaingia Lubigi, yanaenda mto Mayanja mpaka Kafu, kaskazini huko. Maji yanaenda kaskazini sisi tunaenda mjini, tunapishana Bwaise na hakuna anayesonga.

Nyota nimetoa hivi. Moja kwa sababu magari yapo, kuanzia kabla ya adhana ya alfajiri mpaka usiku, na tunaokumbuka 2020 zilipofungwa kwa korona ile Machi hadi Juni tunajua maisha bila hizo yanakuwaje, mimi nilitembea mpaka Kigoogwa na sanduku kichwani. Ya pili ni madereva, wengi ni watu wazima, hawakimbizani. Ya tatu ni kwamba mzigo wangu haujawahi kupotea hata siku moja. Nimekata moja ya Matugga na nusu ya chenji.

Na hiyo nusu iliyobaki ni ya konda mmoja, jina silisemi, kijana mwembamba ana kofia ya Arsenal iliyopauka. Naye aliwahi kuishia Matugga, nisiseme uongo. Ila alishuka na sisi, akahesabu hela ya kila mtu mkononi, elfu tatu tatu, akasimamisha gari la nyuma, akamwambia mwenzake "hawa ni wangu, wafikishe," na sanduku langu akalibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye kiti.

Mkipanda kesho: usikubali kiti cha mbele katikati, injini iko chini yake, utafika umeiva. Mzigo wa chuma weka chini ya kiti cha kwanza nyuma ya dereva, kule mwisho wanarundika mikungu ya matoke juu yake. Na nauli ya Bombo lipa ukishavuka Matugga, sio kabla.