Nilimpeleka mbwa anayechechemea, nikarudi na kikombe cha kupimia chakula

Mbwa wangu wa ulinzi, mwenye umri wa miaka 8, alipoanza kuchechemea mguu wa nyuma na kulia kila alipoguswa nyonga, nilidhani ameteguka, nikamkodia bajaji kutoka Raskazone hadi kliniki moja ya mifugo iliyopo Ngamiani, hapa Tanga. Nilitarajia sindano. Daktari alianza na mizani, ikasoma kilo 41, kisha akaniambia nizitafute mbavu za mbwa kwa vidole, sikuzipata.

Kinachonifanya niisifu huduma hii ni maelezo. Kwamba uzito hulemea viungo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba mafuta ya mwili hayakai tu kama mzigo, bali hutoa homoni iitwayo leptini na kemikali nyingine zinazochochea uvimbe, ambazo husafiri katika damu na kuzifanya neva, yaani mishipa ya fahamu, ziwe nyepesi kushtuka, hata mguso ambao mbwa mwembamba angeupuuza ukamuuma mnene. Daktari hakutia chumvi: alisema kuwa panya wa maabara walioneneshwa kwa vyakula vya mafuta mengi mara nyingi huonyesha hali hiyo, ingawa majibu hutofautiana kulingana na aina ya maumivu yanayopimwa. Aliongeza kwamba, kwa mbwa wanene wenye ugonjwa wa viungo, kupungua kwa asilimia 6 hivi ya uzito kumeonekana kupunguza kuchechemea.

Alitoa dawa ya maumivu ya siku 7, akanikataza kabisa kumpa ibuprofeni, kwa kuwa huharibu tumbo na figo za mbwa, kisha akanipa kikombe cha kupimia chakula pamoja na lengo la kupunguza asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Hapo ndipo ilipobainika kwamba nyumbani kwetu kila mtu alikuwa akimpa ngozi za kuku na ukoko wa ugali kwa siri yake.

Kasoro zipo. Mizani ni ya kupimia magunia, hivyo mbwa mwenye maumivu hubebwa na watu wawili, jambo ambalo kwa kliniki inayojua maumivu kiasi hicho halisameheki kirahisi. Bei hazijabandikwa popote, na tulisubiri karibu saa mbili pamoja na mbuzi.

Baada ya wiki 6 ana kilo 38, na juzi alipanda baraza mwenyewe. Tutarudi mwezi ujao, ila tutakwenda asubuhi na mapema.