Huduma ya havruta mtandaoni: miezi minne nikisoma Talmudi na mwenzi niliyetafutiwa

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mwezi wa kwanza.

Huduma inafanya kazi hivi: unajaza fomu, unaeleza Kiebrania chako kimefika wapi, unataka kusoma nini na saa ngapi, nao wanakutafutia mtu mmoja wa kusoma naye kwa video mara moja kwa wiki. Hawatozi kitu. Kwenye ratiba, nafasi zote kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku zimefungwa kwa ajili ya Shabati. Wanachokupa wanakiita havruta, na neno hilo ndilo lililonivuta nijiandikishe. Ndilo pia lililonifanya niwaandikie kulalamika.

Havruta ni neno la Kiaramu. Herufi yake ya kwanza hutoka kooni, kama kh ya "kheri". Ni la mzizi mmoja na haver, yaani rafiki, na kwa asili maana yake ni usuhuba. Katika masomo ya Kiyahudi ni watu wawili wanaokaa na maandishi mamoja, wakayasoma kwa sauti na kubishana juu yake mpaka yaeleweke. Mwenzi mwenyewe pia huitwa hivyo: fulani ni havruta yangu. Katika jozi hiyo hakuna mwalimu. Kila mmoja ana haki ya kumwambia mwenzake, hapo umekosea, soma tena. Ndiyo maana ukumbi wa kusomea wa yeshiva, yaani chuo cha Talmudi, huvuma kwa sauti kutwa nzima.

Mimi nilianza kwa kupewa bwana mmoja mwenye elimu nyingi. Alisoma, akatafsiri, akafafanua, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nikiitikia, tunasonga mbele. Vipindi vinne vilipita na sikuwa nimepinga neno hata moja. Alinifaidisha, sisemi uongo, lakini hiyo ni shiur, yaani darsa. Darsa ina heshima yake. Sikuwa nimeiomba.

Nilipowaandikia niliwakumbusha kisa cha Rabi Yohanan kilichomo katika Bava Metzia, kitabu kimojawapo cha Talmudi (mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi wa kale), ukurasa wa 84. Alipofiwa na Resh Lakish, mwenzi wake wa masomo na shemeji yake, wenzake walimpelekea Elazar ben Pedat ili amliwaze. Kila Rabi Yohanan aliposema jambo, Elazar alimletea mapokeo ya kumuunga mkono. Mzee alizidi kuhuzunika. Mwana wa Lakish, alisema, alikuwa akinipinga mara 24 nami namjibu mara 24, na hivyo sheria ikapanuka. Wewe unaniambia nimesema sawa, kwani mimi sijui kama nimesema sawa? Kwangu mimi hakuna maelezo ya neno havruta yanayoshinda hayo.

Walichukua wiki tatu kunijibu. Ni nyingi, na zingeepukika kama fomu ingekuwa na swali moja zaidi: unataka kufundishwa, au unataka mtu wa kubishana naye?

Mwenzi wa pili ni mama mmoja wa Jerusalem, mwalimu mstaafu. Tulianza mwanzo kabisa wa Bava Metzia. Watu wawili wameshika shuka. Huyu anasema nimeiokota mimi, na yule anasema nimeiokota mimi. Huyu anasema yote yangu, na yule vilevile. Mishna, yaani matini ya sheria ambayo Talmudi huijadili, inaamua kila mmoja aape kwamba hana humo fungu lililo chini ya nusu, kisha wagawane.

"Kwa nini aapie nusu," akaniuliza, "na amekwisha kudai yote?"

Nikamjibu kwamba anaapia kile atakachopewa.

"Basi si aape tu kwamba nusu ni yake?"

Hapo nilifikiri kidogo. Akiapa hivyo, nikamwambia, atakuwa ameliangusha dai lake mwenyewe.

"Sawa. Sasa soma hicho kiapo tena, polepole."

Nikasoma: hana humo fungu lililo chini ya nusu. Mama alinyamaza. Nikarudia mara ya tatu, na ndipo nikaona. Mtu asiye na fungu lolote katika ile shuka anaweza kuapa hivyo na asiwe mwongo! Nilipaza sauti nikiwa peke yangu chumbani. Akanifungulia ukurasa wa 5, upande wa pili, na pale Gemara, yaani mjadala wa marabi juu ya Mishna, inauliza swali hilohilo, na Rav Huna anakiziba kile kiapo kwa kuongeza maneno: naapa kwamba nina fungu humo, na fungu hilo si chini ya nusu. Dakika hamsini ziliisha kwa sentensi moja. Kama angenieleza yote hayo mwenyewe, ningeyaandika daftarini na kuyasahau.

Maandishi tunayafungua Sefaria, maktaba ya bure mtandaoni, ambayo tangu 2017 ina Talmudi yenye tafsiri na ufafanuzi wa Adin Steinsaltz, mtu aliyeianza kazi hiyo 1965 na kuikamilisha 2010. Kwa anayeanza, sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Hata hivyo, ukiweza, weka karibu yako na nakala ya kuchapwa, Gemara katikati, ufafanuzi wa Rashi upande wa mshono na ule wa Tosafot, wafafanuzi waliomfuata, upande wa nje. Jicho linazoea kuona mabishano yakiizunguka sentensi.

Ukijiandikisha, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada andika waziwazi kwamba unataka mtu wa kukupinga. Usisubiri mwezi kama mimi.

Jumanne tunaingia kesi ya pili ya Mishna ileile: mmoja anadai shuka yote, mwingine anadai nusu tu, na huyu wa nusu anaambulia robo. Nimekwisha kumwambia mama kwamba safari hii namtetea yule wa robo.