K40 haikati kona ya kulia? Anza na kioo cha kwanza

Karibuni tena, watazamaji. Hapa mezani leo ipo K40, ile mashine ndogo ya leza ya CO2 kutoka China iliyouzwa kwa muda mrefu kama mashine ya kuchonga mihuri ya mpira, na siku hizi inachonga ngao za zawadi na vibao vya majina. Eneo lake la kazi ni kama milimita 300 kwa 200. Kwa bei yake ni mashine nzuri, ila ina ugonjwa mmoja unaowasumbua karibu wote walionayo: kona ya juu kushoto inakata plaiwudi ya milimita 3 safi kabisa, halafu chini kulia inaunguza juu juu tu.

Ukiona hivyo, usiongeze nguvu. Jina linataja wati 40, lakini tyubu hii fupi inayozalisha leza kwa kawaida inatoa wati 30 hadi 35, na ukiisukuma kupita miliampea 18 unaiua mapema. Nguvu haijapungua kwenye tyubu. Imepotea njiani kwa sababu vioo vinavyouelekeza mwale vimekaa upande, na mashine iliyosafiri melini na kwenye lori ni kawaida kufika hivyo.

Tazama njia ya mwale. Tyubu imelala huku nyuma, inapiga kushoto. Kioo cha kwanza, hiki cha kwenye kona ya nyuma, kinaugeuza mwale uje mbele. Kioo cha pili kipo mwisho wa kushoto wa reli inayobeba kichwa, kinaupeleka kulia. Cha tatu kipo juu ya kichwa, kinaushusha kwenye lenzi. Sasa kosa linalofanywa sana ni kuanza kuhangaika na kichwa kwa vile ndiko tatizo linakoonekana. Kioo kikigeuka digrii moja, mwale unageuka digrii mbili, na kadiri unavyosafiri ndivyo unavyozidi kupotea. Kosa dogo la kioo cha kwanza hufika kona ya mwisho likiwa milimita nyingi.

Kabla hujagusa kitu: mwale huu una mawimbi ya maikromita 10.6, jicho haliuoni. Vaa miwani iliyoandikwa 10600 nm. K40 nyingi hazina swichi ya kuzima leza mfuniko ukifunguliwa, kwa hiyo usiitegemee. Huko nyuma kwenye tyubu kuna zaidi ya volti 10,000, mkono usifike mashine ikiwa na umeme, na waya wa ethi uwe umefungwa kweli. Pampu ya maji iwe inazunguka. Angalia pia ndani ya tyubu: ukiona kiputo cha hewa, inua upande mmoja wa mashine mpaka kitoke, maana tyubu hupasuka pale maji yasipofika.

Haya. Chukua masking tepu, bandika tabaka mbili kwenye fremu ya kioo cha pili. Kwenye fremu, si juu ya kioo chenyewe. Tepu ikigusa kioo, gundi na moshi vitaganda na kioo kitapata joto mpaka kipasuke. Weka nguvu ya chini, miliampea 5 hivi, na ubonyeze kitufe cha majaribio mara moja, kwa kugusa tu. Unataka nukta, si shimo.

Sukuma reli mpaka nyuma kabisa, karibu na kioo cha kwanza, piga nukta. Mota ziwe zimeachiwa. Kwenye K40 Whisperer, programu ya kompyuta ya kuendesha mashine hii, kuna kitufe cha Unlock Rail. Sasa vuta reli mpaka mbele, piga ya pili bila kubadilisha tepu. Sogeza kamera... hapo. Zinaonekana nukta mbili, ya mbele imeshuka na kukaa kushoto. Hii ndiyo picha ya mwale usioenda sambamba na reli.

Dawa yake ni skrubu za kioo cha KWANZA. Zipo tatu zenye springi: moja inapandisha na kushusha, moja inapeleka kushoto na kulia, ya konani inavuta vyote viwili, kwa hiyo iache. Legeza nati ya kufungia, zungusha kidogo sana, robo mzunguko ni nyingi. Unarekebisha ukiwa na reli mbele, kuifuata nukta ya nyuma. Badilisha tepu, piga tena zote mbili, rudia mpaka nukta moja ilale juu ya nyenzake.

Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri: nukta zikutane kwanza, katikati baadaye. Nukta mbili zilizokutana pembeni ya kioo ni bora kuliko moja iliyo katikati na nyingine iliyopotea. Ukikimbilia katikati, utazungusha skrubu mchana kutwa.

Kaza nati, kisha pima tena. Kukaza nati kunasogeza kioo, na wengi wanaharibu kazi nzima kwenye hatua hii moja.

Kioo cha pili ni vilevile. Tepu inahamia kwenye tundu la kichwa, kichwa kikae kushoto kabisa, piga, kipeleke kulia kabisa, piga. Unazungusha skrubu za kioo cha pili mpaka zikutane. Halafu piga kona zote nne.

Kona tatu zikikubaliana na moja ikagoma, acha skrubu. Hiyo si kazi ya vioo. Reli zako haziko sambamba au fremu imejipinda, na hakuna skrubu ya kioo itakayokuponya. Pima umbali wa reli mbili za pembeni mbele na nyuma, pima pia ukichora mstatili: milalo yake miwili, yaani kona hadi kona, lazima iwe sawa. Ikitofautiana, mkanda wa upande mmoja umeruka jino au kapling (kiungo) ya shafti imelegea.

Sasa ndipo tunatafuta katikati. Nukta ikiwa juu mno au chini mno kwenye tundu, kimo ambacho tyubu imekaa ndicho chenye kosa. Inyanyue au ishushe kwa vipande vyembamba vya plastiki, unene uleule kwenye ncha zote mbili za tyubu, kisha rudia kioo cha kwanza. Ikiwa imekwenda mbele au nyuma, legeza bolti za kishikilio cha kioo cha pili ukisogeze.

Mwisho ni mwale unaoshuka. Piga nukta kwenye ubao ulio milimita 50.8 chini ya lenzi, kisha shusha ubao milimita 15 upige tena bila kusogeza kichwa. Nukta ikihama pembeni, mwale unashuka umeinama. Hapo ndipo kingo za akriliki zinapokatika mshazari na mstari mmoja unatoka kama miwili. Kichwa cha kiwandani mara nyingi hakina skrubu za kioo hiki, kwa hiyo unapenyeza shimu (kipande chembamba) chini ya bamba lake. Kwangu huu ndio udhaifu mkubwa wa K40, na kichwa chenye kioo kinachorekebishika ndicho kifaa cha kwanza ninachokushauri ununue, kabla hata ya ile taa nyekundu ya kuonyesha nukta.

Lenzi ya kipenyo cha milimita 12, upande uliobenuka uangalie juu. Ikigeuzwa haikatai kufanya kazi, inakata mstari mnene na hafifu, ndiyo maana watu hawaitilii shaka. Futa vioo vyote na lenzi kwa pamba na spiriti safi ya isopropili, mpapaso mmoja bila kusugua, kwa sababu moshi wa tepu zote tulizochoma umeshatua juu yake.