Fundi wa matangi ya samaki wa baharini, Malindi: haweki dawa kabla ya kuujua ugonjwa

Kwa yeyote anayefuga samaki wa baharini nyumbani au katika nyumba ya wageni hapa Malindi, ninaipendekeza bila kusita huduma ya fundi anayezunguka mjini kukagua matangi ya vioo, kwa kuwa hakubali kutia dawa kabla hajahakikisha samaki anaumwa nini.

Nilimwita baada ya samaki aitwaye kangaja wa buluu, aliye katika tangi letu la mapokezi, kuanza kujisugua kwenye mawe, kususia mwani na kutokwa na vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi. Alianza na maji, akapima chumvi, joto, amonia na nitraiti, kwa sababu maji yaliyoharibika nayo humfanya samaki ahemeheme. Kisha alikaa kimya mbele ya kioo akitazama matamvua yanavyofunguka na kufunga, ndipo akamtoa kangaja kwa bakuli badala ya wavu, maana miiba iliyo kwenye shina la mkia hunasa kwenye nyuzi na kumjeruhi. Alikwangua ute kidogo ubavuni, akauweka chini ya hadubini na kunionyesha kimelea cha mviringo kikijizungusha taratibu. Hicho ni Cryptocaryon irritans. Vidoa vingekuwa laini kama vumbi la dhahabu, angeshuku kimelea kingine, Amyloodinium, ambacho huweza kumaliza samaki wa tangi zima kwa siku chache.

Tiba aliyoichagua ni shaba, na hapa ndipo umakini wake ulipoonekana zaidi. Hakuitia katika tangi kubwa, kwa sababu shaba huua matumbawe, kamba na konokono, na mawe huifyonza hata kipimo kikapotea. Alimhamishia kangaja katika tangi tupu lisilo na mchanga wala mawe, lenye pampu ya hewa na vipande vya bomba la plastiki vya kujificha, akapandisha shaba polepole hadi kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, kiwango kinachopaswa kupimwa kila siku. Alieleza kwamba dawa humpata kimelea anapoogelea tu. Akiwa amejichimbia ngozini au amejifungia ganda mchangani haimdhuru, na kwa hiyo tangi kubwa linapaswa kukaa bila samaki hata mmoja kwa takriban siku 76, ili vimelea vilivyobaki humo vife kwa kukosa samaki wa kumshambulia. Maelezo hayo, kwangu, yana thamani kuliko dawa yenyewe.

Dosari ninayoiona ni kwamba haachi maagizo kwa maandishi. Kwa dawa ambayo ikipungua haitibu na ikizidi kidogo huua, karatasi yenye vipimo na tarehe ni haki ya mteja, nami nimemwomba aanze kuitoa. Ada yake si ndogo, lakini inajumuisha kurudi kupima tena.

Atakayemwita atayarishe tangi la akiba mapema, asitie dawa yoyote kabla hajafika, na akichota maji baharini ayapime chumvi kwanza, ifikie gramu 35 hivi kwa lita, hasa mvua zinapoujaza Mto Sabaki na maji ya ghuba kugeuka rangi ya tope.