Mto wa mshazari wa Barabara ya 14: nimeulalia miezi mitatu

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo kazi ya fundi mwenzangu siipimi kwa maneno yake. Huu mto wa kulalia, wa sponji, mnene kichwani na unaoshuka kuelekea kiunoni, nimeulalia miezi mitatu, haki ya kuusema ninayo.

Mwaka huu nilibadilishiwa mlango mmoja wa moyo Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kifua kinapasuliwa katikati, kisha mfupa unarudishwa na kufungwa kwa waya wa chuma. Nikaambiwa nisivute, nisisukume, nisinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 hivi mpaka mfupa ushike. Yaani hata pampu ya baiskeli marufuku! Kidonda sikukiogopa. Kilichonishinda ni uchovu. Nanyoa ndevu, nikimaliza shavu moja natafuta kiti.

Na usiku ndiyo balaa. Ubavu sithubutu, chali kifua kinavuta, na kuamka bila kujisukuma kwa mikono lazima mama watoto aamshwe. Halafu huo mlango wa bandia unalia tik tik gizani, kama gurudumu la nyuma ukiacha kukanyaga pedeli. Nalala kwa saa mbili tu, kunakucha nimechoka kuliko nilivyolala.

Mwanangu akanipeleka kwa bajaji kwa kijana mmoja wa magodoro, Barabara ya 14. Kwangu ni ya 8, lakini siku hizo barabara sita ilikuwa safari. Akaniuliza, "Shikamoo mzee, wautakia nini?" Nikafungua kifungo cha shati nikamwonyesha mshono. Hakuuliza tena. Akanikalisha, akaniegemeza kwenye marobota ya sponji, akawa anaongeza na kupunguza mpaka nikasema hapo. Ndipo akachukua futi: inchi 12 kichwani, inchi 30 urefu, unashuka mpaka kuisha kiunoni. Hapo nilimpa heshima. Fundi anayempima mtu kwanza, futi baadaye, ni wachache.

Bei shilingi 35,000. Usiku wa kwanza nililala saa tano mfululizo, na kuamka nateremsha miguu tu, basi nimekaa.

Ila ubovu nao upo. Sponji ya kwanza ilikuwa laini mno. Wiki ya pili ishabonyea, nikawa nateleza usiku kucha kama mtoto kwenye mteremko. Aliibadilisha kwa ngumu zaidi, akanitoza 10,000 juu, nami naona hiyo ilikuwa juu yake, si juu yangu. Gamba lake ni lile la plastiki kama viti vya daladala. Kwa joto la Tanga unaamka umeloa. Mama watoto kalivalisha kanga mbili kuukuu ndiyo likakalika. Na zipu ilikatika mwezi wa pili.

Jambo moja niseme wazi kwa mgonjwa mwenzangu. Mto ulinirudishia usingizi, uchovu haukuisha. Ulipungua nusu, nusu ikabaki, na kwa kuwa sasa nalala, sikuwa na cha kusingizia. Nikamwambia daktari kliniki. Kupima, damu iko chini. Na vile vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo navyo vinalegeza mwili. Akanipa vya kuongeza damu, vile vingine akavipunguza yeye mwenyewe. Nasema yeye mwenyewe, maana jirani yangu alishanishauri niviache kimyakimya. Jirani huyo ana ng'ombe, labda alidhani ni dawa za kupe.

Matembezi nayapima kwa barabara. Wiki ya nne nilifika ya 9, nikarudi. Baada ya mwezi mwingine, ya 11. Siku ikiwa mbaya naishia mlangoni, kesho najaribu tena.

Alama zangu: kipimo kumi kwa kumi, sponji sita, gamba tatu.

Zipu niliipeleka juzi, kwa miguu, mto kaubeba mjukuu. Nilifika ya 14 nikakalia benchi la kijana dakika kumi nzima kabla sijaweza kumweleza kilichonileta. Hii hakunitoza.