Programu za Kuonyesha Maelezo Juu ya Vitu Halisi: Anza na Kitu, Si Programu

Unaelekeza kamera ya simu kwenye mashine na maelezo yanatokea juu yake: vali ipi ifungwe, kichujio kipi kitolewe. Kazi hii inategemea zaidi sura ya kitu chenyewe kuliko sifa za programu. Zote nne hapa zinahitaji mtu anayejua kuandika programu.

1. ARCore (Android). Ni ya bure, na kwa lebo bapa ndiyo chaguo letu la kwanza. Hifadhi moja inabeba picha za lebo hadi 1,000, na 20 hufuatiliwa kwa wakati mmoja. Picha ya kidijitali iwe na angalau pikseli 300 kwa 300. Lebo yenyewe isipungue sentimita 15 kwa 15. Pima picha yake kwanza kwa arcoreimg, zana ya ARCore ya kupima ubora wa picha: alama zikiwa chini ya 75 kati ya 100, badilisha mchoro. Nembo tupu na mapambo yanayojirudia hufeli kwa sababu kamera haipati pointi za kutofautisha sehemu moja na nyingine. Tena, lebo ijaze robo ya fremu, la sivyo haitambuliki mwanzoni. Wengi hulaumu simu kumbe wamesimama mbali mno.

2. Vuforia Engine. Kitu kisipokuwa na lebo, hii inapanda juu. Hutambua umbo kwa kutumia modeli ya pande tatu, kwa hiyo omba faili la CAD (mchoro wa kiufundi wa kompyuta) kwa mtengenezaji wa kitu hicho kabla hujalipia leseni. Bomba la mviringo huisumbua: kila upande unafanana, basi maelezo huzunguka ovyo. Chuma kinachong'aa nacho ni shida.

3. MindAR. Ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Mtumiaji hapakui chochote. Inafaa wageni wa maonyesho. Bila HTTPS (muunganisho salama wa tovuti) kamera haifunguki.

4. ARKit. Tangu 2018 inatambua vitu vilivyoskaniwa, ila kwa vifaa vya Apple tu. Skani kitu pande zote, penye mwanga uleule kitakapotumika.

Kuhusu data: Meta Spark, jukwaa la Meta la kazi za aina hii, ilifungwa tarehe 14 Januari 2025, na kazi za watu zikafungwa nayo. Kwa hiyo modeli zako zihifadhi kama faili za GLB (aina ya faili la modeli za pande tatu linalofunguka katika programu nyingi), maandishi yakae kwenye seva yako.

Na kama unahitaji kuonyesha mwongozo wa kurasa mbili tu, bandika msimbo wa QR. Msimbo wa kiwango H, kile cha juu zaidi cha kurekebisha makosa, husomeka hata takriban 30% yake ikiharibika.